Gujarat: Mitaji midogo iliyozaa soko kubwa

Mfanyabiashara wa pwani ya Afrika Mashariki akisikia majina ya Mandvi, Porbandar au Jamnagar, huenda akakumbuka duka la jirani kabla ya kuikumbuka ramani. Huko ndiko walikotoka wengi wa wazee waliofungua maduka Zanzibar, Mombasa na Kampala. Jimbo lenyewe, Gujarat, lipo magharibi kabisa mwa India, na njia lililoipitia kupata mitaji inamhusu kila mwenye akiba ndogo.

Gujarat iliundwa tarehe 1 Mei 1960, Jimbo la Bombay lilipogawanywa kwa misingi ya lugha. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 196,000 hivi, na sensa ya 2011 ilihesabu watu milioni 60. Kaskazini iko Kutch, nchi kavu yenye mbuga kubwa za chumvi. Rasi ya Saurashtra inalima karanga na pamba, na kusini kuna ardhi nzuri inayopitiwa na mito ya Narmada na Tapi. Mwambao wake, wenye zaidi ya kilomita 1,600, ni mrefu kuliko wa jimbo lingine lolote la India. Katika nchi ambayo mvua ni ya kubahatisha, si ajabu wengi walipanda jahazi.

Kwa karne nyingi shanga za Khambhat na nguo za pamba zilikuja pwani yetu kwa upepo wa kaskazi, na pembe za ndovu zikarudi kwa kusi. Katika karne ya 19 nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, yenye asili ya Kutch, ilikodi forodha ya Zanzibar kwa miaka mingi: ilimlipa Sultani kiasi maalumu kwa mwaka, na ushuru uliozidi hapo ukawa faida yake.

Viwanda vilifuata. Kiwanda cha kwanza cha nguo mjini Ahmedabad kilianza kazi mwaka 1861, na mji ukaitwa Manchester ya India. Lakini katika miaka ya 1980 viwanda vile vikubwa vilifungwa kimoja baada ya kingine, vikishindwa kushindana na karakana ndogo zenye mashine chache na gharama nafuu. Maelfu ya wafanyakazi walibaki bila kazi.

Habari ya maziwa ni tofauti. Mwaka 1946 wafugaji wa wilaya ya Kaira, waliochoshwa na bei ya mnunuzi mmoja aliyeshika soko lote, walianzisha ushirika wao mjini Anand chini ya Tribhuvandas Patel. Walianza na lita 250 hivi kwa siku. Mwaka 1949 alifika mhandisi kijana, Verghese Kurien, na katika miaka ya 1950 ushirika ukatengeneza unga wa maziwa ya nyati, jambo ambalo wataalamu wa nje walisema haliwezekani. Utaratibu wake ni rahisi. Mfugaji hupeleka maziwa kituo cha kijiji asubuhi na jioni, hupimwa kiasi cha mafuta, naye hulipwa kwa kipimo hicho. Mwenye nyati mmoja na mwenye kumi hupimiwa kwa kifaa kilekile. Leo wanachama wa nembo ya Amul ni zaidi ya milioni 3.

Mtaji wa hisa nao ulipita njia hiyohiyo. Dhirubhai Ambani, mtoto wa mwalimu wa Chorwad aliyewahi kuwa karani Aden, aliuza hisa za Reliance kwa umma mwaka 1977 kwa Rupia 10 kila moja, na wanunuzi wengi walikuwa watu wa kawaida. Mwaka 1999 kampuni hiyo ilifungua Jamnagar kiwanda cha kusafisha mafuta ambacho sasa kina uwezo wa zaidi ya mapipa milioni 1.2 kwa siku, kikubwa kuliko vyote duniani mahali pamoja. Hata hivyo, hisa si maziwa. Mwaka 1992, kashfa ya dalali Harshad Mehta ilipolipuka na soko la Bombay likaporomoka, wenye akiba ndogo ndio walioumia.

Kwa sasa macho yapo Surat, ambako almasi nyingi za dunia, takriban tisa katika kila kumi, hukatwa na kung'arishwa. Kazi kubwa hufanyika katika karakana za kifamilia, na fundi hulipwa kwa idadi ya vito. Almasi ghafi hutoka nje na mnunuzi mkubwa, Marekani, yuko nje pia. Tangu 2022 mahitaji yamelegea, na almasi za maabara zimevuta bei chini. Desemba 2023 lilifunguliwa jengo kubwa la soko la almasi lenye ofisi zaidi ya 4,000, nyingi zikabaki bila wapangaji. Agosti 2025 Marekani ikapandisha ushuru wa bidhaa za India hadi asilimia 50. Karakana nyingine zilipunguza siku za kazi, na mafundi wakarudi vijijini Saurashtra, ambako angalau kituo cha maziwa hufunguliwa kila asubuhi.