Hofu Inayotafutwa: Tuiiteje kwa Kiswahili?

Miongoni mwa dhana za saikolojia zinazowatatiza wafasiri wetu ni ile ya mtu kuitafuta hofu kwa hiari yake, pengine hata kuilipia kiingilio, na mwisho akatoka amefurahi. Wengi huandika "hofu" tu, neno lile lile litumikalo katika habari za mtu aliyenusurika simba. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba mambo hayo ni mawili, kwamba Kiswahili kina njia ya kuyatenganisha, na kwamba kuyachanganya kuna madhara.

Tuchukue mfano wa Kenyamonta, wilayani Serengeti, mkoani Mara, katika nchi ya Wangoreme na jirani zao Wakuria. Sehemu kubwa ya wilaya hiyo imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyotangazwa mwaka 1951, na wanavijiji wa upande huo wanamjua tembo aingiaye shambani usiku na fisi avamiaye zizi. Mlio wa fisi ukisikika karibu na boma, moyo hupiga mbio, viganja hutoka jasho, nywele husimama. Sasa tumfikirie mtoto wa boma hilo hilo, jioni nyingine, ameketi karibu na moto, bibi yake akimsimulia habari za zimwi lililomfuata msichana mtoni. Moyo wake nao hupiga mbio, na nywele zake nazo husimama. Lakini hadithi ikikatizwa, huomba iendelee. Mwili umetenda yale yale. Kilichobadilika ni nini?

Wataalamu wa mwili wanatueleza kwamba hatari ihisiwapo, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Homoni hiyo haiulizi kama fisi ni wa kweli au wa hadithi. Mwanasaikolojia Dolf Zillmann alieleza kwamba mwamko huo wa mwili haukomi mara moja. Hubaki kwa muda baada ya hatari kupita, na kwa sababu hiyo faraja inayofuata huwa kubwa kuliko kawaida. Paul Rozin na wenzake, katika andiko la mwaka 2013, waliilinganisha raha ya namna hii na ile ya kula pilipili: ulimi hudai kwamba unaungua, ilhali akili inajua kwamba hakuna kinachoungua.

Basi jibu limo katika kujua huko. Michael Apter, katika kitabu chake cha mwaka 1992, alisema kwamba hatari huleta raha pale tu mtu anapojiona yumo ndani ya kitu kama ukuta wa kinga. Ukuta huo ukibomoka, raha hugeuka kuwa hofu tupu. Nasi tunaongeza kwamba wasimulizi wetu wa pwani walikuwa na mlango wa ukuta huo tangu kale. Msimulizi akisema "Paukwa!" na wasikilizaji wakaitikia "Pakawa!", wote wamekubaliana kwamba zimwi litakalotajwa halitatoka nje ya hadithi. Wahenga walisema pia kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nasi twaweza kusema kwamba zimwi la hadithi ni lile tulijualo hata likaacha kutula.

Kiasi nacho kina kazi yake. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu 110 waliopita katika nyumba ya vitisho iliyojengwa kwa ajili ya wageni wa kulipa. Waliotishika kidogo mno hawakufurahi sana, wala waliotishika kupita kiasi. Walioburudika zaidi ni wale wa katikati. Bibi anayemwona mjukuu amejikunyata kupita kiasi, akapunguza sauti ya zimwi, anaifuata kanuni hiyo hiyo bila kuisoma popote.

Tukirudi kwenye istilahi, tuyapime maneno tuliyo nayo. "Woga" halifai, kwa kuwa hutaja zaidi tabia ya mtu; anayekwenda kuangalia filamu ya kutisha si mwoga. "Kicho" ni hofu iliyochanganyika na heshima, kama katika "mcha Mungu". "Kitisho" hutaja kile kinachotisha, si hali ya anayetishwa. "Taharuki" limekwisha kuzoeleka katika uhakiki wa fasihi kwa maana ya shauku ya kungojea litakalotokea. Wako wanaopenda kusema "hofu-burudani". Lakini "burudani" lina asili ya ubaridi na kupoa, ilhali moyo wa msikilizaji uko mbioni. Burudani huja baadaye.

Tunaona kwamba neno lililo karibu zaidi ni "msisimko". Mtu husisimka kwa baridi, kwa wimbo mzuri, na kwa habari ya kutisha. Neno hili limeshika jambo lenyewe hasa: mwili ni mmoja, sababu ni mbalimbali. Hivyo tunapendekeza "msisimko wa hofu" kwa kile kinachotokea mwilini, na "hofu ya mchezo" kwa hali nzima ya kutafuta hofu ndani ya ukuta wa kinga. "Hofu" peke yake ibaki kwa hatari inayoaminiwa kuwa ya kweli.

Huenda msomaji akauliza kama tofauti hii si ya wasomi tu. La hasha. Katika miaka ya 2000 filamu za Kitanzania za kutisha, kama vile Nsyuka na Shumileta, zilipata watazamaji wengi. Kwa mtazamaji anayejua kwamba mzuka ule ni mwigizaji aliyepakwa rangi, hiyo ni hofu ya mchezo. Kwa mwingine anayeamini kwamba jirani yake kikongwe hutenda kama yale aliyoyaona, ukuta haupo, na katika nchi yetu tuhuma za uchawi zimewagharimu wazee maisha yao. Mwalimu, mzazi au mganga wa hospitali anayetaka kumsaidia mtoto aliyekosa usingizi hana budi aweze kuuliza: je, hofu hii ni ya mchezo, au mchezo umekwisha? Swali hilo haliulizwi vizuri kwa neno moja.

Kanuni zetu za kuunda istilahi zinatutaka tutazame kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, kabla ya kwenda mbali. Zimwi lenyewe ni ushahidi wa undugu huo, kwani Wakikuyu huliita irimu na Wazulu izimu. Kwa hiyo tunawaomba wasemaji wa Kingoreme, Kikuria na lugha nyinginezo watuletee maneno ambayo wazee wao huyatumia kwa kutetemeka kwa mtoto anayesema "endelea". Likipatikana neno moja lililo bora kuliko haya mawili, tutafurahi kuyaacha yetu.