Andy Kaufman, mchekeshaji aliyekataa kukonyeza

Mwanamume anapanda jukwaani kwa kusitasita. Koti halimkai vizuri, macho yamemtoka, mikono haijui itulie wapi. Kwa sauti nyembamba na lafudhi ambayo hakuna anayeweza kusema ni ya wapi, anatangaza kwamba ataiga watu maarufu. Ataanza na Rais wa Marekani. Anajiweka sawa, anavuta pumzi, kisha kwa sauti ile ile nyembamba na lafudhi ile ile anasema hujambo, mimi ndiye Rais wa Marekani. Anainama kushukuru. Tukiitia lafudhi yake katika Kiswahili, ingekuwa hivi: “Asande zana.”

Ukumbi kimya. Anajaribu mzaha kuhusu mapishi ya mkewe. Anapika vibaya sana, anasema, vibaya mpaka... halafu ile sehemu ya kuchekesha inampotea, naye anamalizia hapo hapo: ni vibaya. Watu wanaanza kuguna. Wengine wanacheka chini chini kwa aibu, wengine wanamwonea huruma, maana kijana wa watu anaelekea kulia. Hatimaye anaomba ruhusa ya kuiga mtu mmoja wa mwisho, Elvis Presley, na wote wanajiandaa kwa balaa jingine.

Anawapa mgongo. Anachana nywele, anarekebisha kola, anachukua gitaa. Anapogeuka, mdomo umepinda upande, goti linatetema, na sauti inayotoka ni nzito, ya kifuani, ya Elvis hasa. Si mbwembwe za kubahatisha. Anaimba kweli, na nyonga anazijua. Ukumbi unalipuka. Wimbo ukiisha anasimama wima, macho yanamtoka tena, na ile sauti nyembamba inarudi palepale: “Asande zana.”

Hiyo ndiyo kazi iliyomtoa Andy Kaufman kwenye vilabu vya usiku vya New York mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kila kitu alichofanya baadaye, kiwe kizuri au cha kuudhi, kilikuwa tayari kimo ndani ya dakika zile chache. Mchekeshaji wa kawaida huweka mkataba na watazamaji: mimi natania, nanyi mnajua natania. Hata akiigiza mlevi au mshamba, kuna mahali atawakonyeza ili msije mkadhani ndiye yeye. Kaufman hakukonyeza. Aliwaacha watu na wasiwasi wao mpaka wakawa sehemu ya mchezo bila kuulizwa.

Alizaliwa New York tarehe 17 Januari 1949 na kukulia Great Neck, kitongoji cha watu wenye nafasi kwenye kisiwa cha Long Island. Tangu utotoni alikuwa akitumbuiza kwenye sherehe za kuzaliwa za watoto wa jirani, na jambo hilo lilimkaa. Ukiangalia maonyesho yake ya utu uzima utakuta vinyago, nyimbo za watoto na ngoma za konga, mambo ambayo mchekeshaji mwingine angeyaona ya chekechea. Alisomea utengenezaji wa vipindi vya televisheni katika chuo kidogo cha Boston, Grahm Junior College, akahitimu mwaka 1971. Baada ya hapo akaanza kubisha hodi kwenye vilabu.

Budd Friedman, aliyekuwa mmiliki wa klabu ya Improv, aliwahi kusimulia jinsi yeye mwenyewe alivyoingizwa mjini. Alimuuliza kijana yule anatoka wapi, akajibiwa kwamba anatoka kisiwa kimoja katika Bahari ya Kaspi. Friedman aliamini, na hakushtuka mpaka Elvis alipotokea. Kisiwa chenyewe, Kaufman alikiita Caspiar, hakipo.

Watazamaji wa Afrika Mashariki hawashindwi kuelewa ufundi wa namna hii. Waliokua na Vitimbi kwenye televisheni ya Kenya wanamkumbuka Mzee Ojwang, aliyechezwa na Benson Wanjau, Mkikuyu aliyeishika lafudhi ya Kijaluo barabara hivi kwamba wengi waliapa kuwa ni Mjaluo wa damu. Lakini Ojwang aliumbwa apendwe. Kaufman alitaka kujua nini kitatokea mhusika asipopendwa.

Njia kama hiyo wengine waliifikia baadaye. Mwaka 1979 klabu ya Comedy Store ilifunguliwa Soho, London, na humo kikazaliwa kizazi kilichokuja kuitwa cha vichekesho mbadala. Vijana kama Alexei Sayle na Rik Mayall walikuwa wamechoshwa na mizaha ya mama mkwe na ya kudhihaki wageni iliyotawala majukwaa ya Uingereza. Baadhi yao waliacha kabisa kusimulia vichekesho, wakajenga wahusika: mshairi mwenye hasira asiyejua kuandika, mtangazaji mwenye majivuno asiye na kipaji. Kaufman hakuwa wa kundi hilo, na siasa hazikumhusu. Ila alikuwa amekwisha kufika huko miaka kadhaa kabla yao, peke yake, upande wa pili wa Atlantiki.

Taifa zima lilimwona tarehe 11 Oktoba 1975, usiku ambao kipindi cha Saturday Night Live kilirushwa kwa mara ya kwanza. Alisimama kando ya mashine ya kuchezea santuri, akaweka wimbo wa katuni ya panya shujaa, Mighty Mouse. Santuri ikaimba. Yeye akasimama tu, akimeza mate, akitazama huku na huku kama aliyepotea stendi ya mabasi. Kila ulipofika mstari mmoja wa kishujaa, mkono ulipaa juu na midomo ikafuatisha kwa kujiamini kabisa. Mstari ukiisha anarudi kuwa yule yule mwenye hofu, na kusubiri tena. Hakusema neno hata moja la kwake, na watu walivunjika mbavu. Ukiitazama leo utaona kwamba kinachochekesha zaidi ni kule kusubiri. Wakati mmoja anakosea, anataka kuanza kabla ya wakati, anajizuia na kunywa maji. Huo ni ustadi wa mtu anayejua kuhesabu sekunde.

Umaarufu ukaleta kazi ya mshahara. Watayarishaji wa Taxi, tamthilia ya vichekesho kuhusu madereva wa teksi wa New York, walimchukua yule mgeni wa Caspiar, wakambatiza Latka Gravas na kumfanya fundi wa gereji. Taxi ilianza Septemba 1978 kwenye kituo cha ABC na kuendelea hadi 1983, vipindi 114. Latka alipendwa mno. Kaufman hakufurahi. Hakuwa na hamu na vichekesho vya namna hiyo, na meneja wake, George Shapiro, alilazimika kumbembeleza akubali. Masharti aliyotoa yalikuwa ya ajabu, likiwamo hili: mtumbuizaji mmoja aitwaye Tony Clifton apewe naye nafasi kwenye kipindi kama msanii mwalikwa, kwa mkataba wake mwenyewe.

Tony Clifton alikuwa Kaufman ndani ya nywele bandia, masharubu, miwani ya giza na suti ya kung'aa. Alikuwa mwimbaji wa hotelini aliyechuja, mwenye sauti mbovu na ulimi mchafu, anayewatukana watu waliolipa kiingilio. Clifton alipofika studio za Taxi, alikuja na machangudoa wawili, akavuruga mazoezi, akafukuzwa kazi na kutolewa nje mzobemzobe. Kaufman hakufukuzwa, aliyefukuzwa ni Clifton. Wakati mwingine nguo za Clifton zilivaliwa na rafiki yake na mwandishi mwenzake, Bob Zmuda, na waliokuja kumfichua Kaufman walijikuta wakimpigia kelele mtu mwingine kabisa. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, Clifton anachekesha zaidi akisimuliwa kuliko akitazamwa. Dakika kumi za matusi ni dakika kumi za matusi.

Kilele cha Kaufman kilikuwa onyesho la ukumbi wa Carnegie Hall, New York, Aprili 1979. Alimweka bibi yake kwenye kiti pembeni mwa jukwaa atazame onyesho zima. Mwishoni bibi akavua sura: alikuwa Robin Williams, mchekeshaji ambaye jina lake lilikuwa linapaa kwa kasi mwaka ule. Kisha Kaufman akawaalika watazamaji wote waende naye kunywa maziwa na kula biskuti. Wakadhani ni maneno ya jukwaani. Nje mabasi yalikuwa yanawasubiri, yakawapeleka kweli, na maziwa na biskuti wakapewa kweli. Hapo ndipo unamwona yule kijana wa sherehe za watoto. Mtu aliyezoea kuwadanganya watazamaji wake aligeuka akatimiza ahadi ambayo hakuna aliyeitegemea.

Halafu ikaja mieleka.

Mwaka huo huo wa 1979 Kaufman alianza kuwapa wanawake changamoto ya kupigana naye jukwaani, na aliyeweza kumbana mabega chini angelipwa dola 1,000. Alijitangaza bingwa wa dunia wa mieleka ya jinsia mbili. Ili kuwachochea, alitoa hotuba za kejeli kwamba mahali pa mwanamke ni jikoni. Mashabiki wa mieleka ya televisheni wanaitambua mbinu hii mara moja: kila pambano linahitaji mtu mbaya wa kuzomewa, naye Kaufman, aliyeipenda mieleka tangu utotoni, alitaka kuwa mbaya huyo. Tatizo ni kwamba watazamaji wa vichekesho hawakujua kuwa wamehamishwa uwanja. Wengi walimchukulia kuwa mdhalilishaji wa wanawake, basi. Lawama haiwezi kuwaangukia wao peke yao, kwa kuwa hotuba zile zilikuwa chafu iwe nia ni nini.

Safari ikamfikisha Memphis, kwa bingwa wa huko, Jerry Lawler. Kaufman alirekodi video za kuwafundisha watu wa kusini mwa Marekani matumizi ya sabuni na karatasi za chooni, na mji mzima ukawaka. Tarehe 5 Aprili 1982, kwenye ukumbi wa Mid-South Coliseum, Lawler alimgeuza kichwa chini miguu juu na kumpigiza sakafuni. Mbinu hiyo ilikuwa imepigwa marufuku Memphis, kwa hiyo kwa mujibu wa kanuni Kaufman ndiye aliyeshinda, huku akitolewa kwa machela.

Karibu miezi minne baadaye, tarehe 28 Julai, wawili hao walikaa pamoja kwenye kipindi cha televisheni cha David Letterman. Kaufman alikuwa bado amevaa kola ya shingo. Maneno yakapamba moto, Lawler akasimama, akamzaba kofi lililomwangusha kitini. Kaufman akarudi akiporomosha matusi, akaipiga meza ya Letterman kwa viganja, akamrushia Lawler kahawa na kutoweka. Magazeti yaliiandika kama ugomvi wa kweli. Ilipita zaidi ya miaka kumi kabla Lawler hajakiri hadharani kwamba kila kitu kilipangwa na kwamba wao wawili walikuwa marafiki.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Tarehe 20 Novemba 1982 Saturday Night Live iliwauliza watazamaji kwa njia ya simu kama Kaufman aendelee kuonekana kwenye kipindi hicho au aondolewe. Waliotaka aondoke walikuwa 195,544. Waliotaka abaki, 169,186. Lilikuwa wazo la kuchekesha, lakini matokeo yaliheshimiwa na hakupanda tena jukwaa lile. Mwaka uliofuata Taxi nayo ikaisha.

Mwishoni mwa 1983 aligundulika na saratani ya mapafu, ingawa hakuwa mvutaji wa sigara. Alifika hadi Ufilipino kutafuta tiba za kienyeji. Alifariki Los Angeles tarehe 16 Mei 1984, akiwa na umri wa miaka 35. Wengi walikataa kuamini, na si ajabu, maana tangu lini Kaufman alikuwa na tabia ya kusema lililo kweli? Mwaka mmoja baadaye Tony Clifton alipanda jukwaani Los Angeles, mzima wa afya, na uvumi ukapata mbolea. Bila shaka ndani ya suti alikuwa Zmuda. Hati ya kifo haina utata, lakini kila baada ya miaka michache anatokea mtu wa kudai amemwona.

Waliorithi mbinu zake ni wengi. Sacha Baron Cohen alipomleta Borat, mwandishi wa habari wa kubuni kutoka Kazakhstan, nchi inayopakana na Bahari ya Kaspi ile ile, alikuwa anatumia silaha ya Caspiar: mgeni asiye na hila ambaye wenyeji wanamvumilia mpaka wanajifichua wenyewe. Mwingereza Steve Coogan amemwigiza Alan Partridge, mtangazaji wa kubuni mwenye majivuno, tangu mapema miaka ya 1990, akizeeka pamoja naye. Mwaka 2023 hata dunia ya mieleka ilimtambua Kaufman, kampuni ya WWE ilipomwingiza kwenye orodha yake ya magwiji.

Aliyejaribu kumfufua mzima mzima ni Jim Carrey, katika filamu Man on the Moon ya mwaka 1999 iliyoongozwa na Miloš Forman. Kipindi chote cha upigaji picha alikataa kuitwa Jim. Alikuwa ama Andy ama Tony Clifton, kamera ikiwaka au ikizimwa, na picha za nyuma ya pazia zilikaa miaka mingi kabla ya kutolewa kama filamu ya hali halisi mwaka 2017. Jerry Lawler aliigiza kama yeye mwenyewe, na Carrey alimchokoza, akamdhihaki na kumkera kila walipokutana, akiamini kwamba ndivyo Andy angefanya. Lawler hakumtambua mtu huyo. Andy aliyemjua yeye, nje ya ulingo, alikuwa mpole na mwenye adabu, akimwita Bwana Lawler.