Hita ya Maji Isiliwe na Kutu

Akina mama wengi wanaoishi sehemu za baridi, kama Njombe, Arusha au Limuru, wameweka hita ya maji nyumbani, ya umeme au ya jua. Ni faraja kubwa kwa mwenye mtoto mchanga au mgonjwa. Lakini wakati mwingine, baada ya miaka michache tu, maji hutoka na rangi ya kutu na viungio huanza kuvuja. Tunalaumu bomba, kumbe chanzo ni metali mbili zisizopatana.

Kwa nini hutokea?

Shaba na chuma zikigusana ndani ya maji, umeme mdogo hupita kati yao kama ndani ya betri. Chuma, au zinki iliyokipaka, huliwa, shaba husalimika. Joto huharakisha jambo hili. Hata Sanamu ya Uhuru ya New York, iliyozinduliwa mwaka 1886, ilipatwa na hayo. Vizuizi kati ya ngozi yake ya shaba na mifupa yake ya chuma vilichakaa, chuma kikaliwa, ikabidi kibadilishwe katika matengenezo ya 1984 hadi 1986.

Tufanye nini?

1. Tumwombe fundi atumie metali ya aina moja kadiri iwezekanavyo.

2. Shaba ikilazimika kukutana na bomba la GI, aweke katikati kiungio maalumu chenye plastiki au mpira wa kuzuia umeme. Tepe nyeupe ya kuzuia kuvuja haitoshi, kwa kuwa meno ya bomba huikata.

3. Maji yapite kwanza kwenye GI, ndipo yaingie kwenye shaba. Yakianzia kwenye shaba, hubeba chembe zake na kuziacha juu ya zinki, na bomba hutoboka.

4. Ndani ya tangi la chuma mara nyingi kuna fimbo ya magnesi, ambayo kazi yake ni kuliwa badala ya tangi. Ikaguliwe kila mwaka au miwili, na ikiisha ibadilishwe.

5. Kiungio kinachozuia umeme huweza pia kukata njia ya umeme kwenda ardhini. Fundi umeme akague waya wa ethi kabla hita haijawashwa. Hapo si suala la kutu tena, ni la uhai.

Tunapofanya usafi, tutazame viungio: unga mweupe au wa kijani, doa la kahawia, au tone la maji. Tukiona dalili hizo, tuzime hita na kumwita fundi. Sisi wauguzi tumezoea kusema kinga ni bora kuliko tiba. Kiungio kimoja ni nafuu kuliko tangi jipya.