Uvumi wa Nairobi, masikio ya Rhamu

Katikati ya Machi 2025 Sauti ya Amerika ilinyamaza. Tarehe 14 Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kulipunguza shirika linaloisimamia, na kesho yake wafanyakazi wapatao 1,300 wakaambiwa wabaki nyumbani. Redio iliyokuwa hewani tangu mwaka 1942 ikakatika, na Idhaa yake ya Kisomali, iliyorejeshwa mwaka 2007, ikakatika nayo. Kwa msikilizaji wa Rhamu, mji wa kaunti ya Mandera ulio ukingoni mwa mto Daua, ng'ambo yake Ethiopia, hakuna badiliko la vipindi ambalo stesheni yoyote ya Nairobi ingelifanya likamfikia kwa uzito huo. Swali la kibiashara sasa ni nani atajaza saa zilizoachwa wazi, kwa lugha gani, na kwa fedha za nani.

Nairobi imezoea kubashiri mambo ya redio. Mtangazaji mwenye jina akihama, watu wa matangazo ya biashara huanza kuulizana kama stesheni itaacha Kiingereza ishike Kiswahili, kama itapunguza muziki iongeze mazungumzo, au kama imeshapata mnunuzi. Mara nyingine tetesi huzaa kweli. Mwishoni mwa Juni 2016 Nation Media Group ilitangaza kwa mpigo mmoja kuzifunga Nation FM na QFM, pamoja na KFM ya Kigali. Stesheni nyingine hubadilika polepole bila kutangaza. Radio Jambo ilijitambulisha kwanza kwa michezo. Leo mpita njia ukimuuliza atakutajia Patanisho, kipindi cha asubuhi cha kuwapatanisha waliokosana.

Sababu ya uvumi huu kutokwisha ni ya kiuchumi. Mamlaka ya Mawasiliano imesema mara nyingi kwamba masafa ya FM jijini yamejaa. Anayetaka kuingia sokoni hana budi kununua stesheni iliyopo, na aliyekwishaingia akiona wasikilizaji wanampungukia, huigeuza aliyo nayo. Masafa ya Nairobi yamekuwa kama kiwanja cha katikati ya mji: jengo hubomolewa likainuliwa jingine, kiwanja hakiondoki. Kaskazini Mashariki, penye Mandera, Wajir na Garissa, mambo ni kinyume. Hewa ina nafasi, ila anayeweza kulipia mtambo haonekani.

Tuanze na wanaolipa, maana hao ndio waamuzi wa vipindi. Redio za jijini kwa miaka mingi zimenenepeshwa na kampuni za kubahatisha. SportPesa ilipozuiwa leseni mwaka 2019, vyombo vya habari viliumia, na Bodi ya Kudhibiti Michezo ya Kubahatisha iliposimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30 mwishoni mwa Aprili 2025, maumivu yalirudi. Ongeza pombe, na utaona sehemu kubwa ya mapato ya asubuhi ya Nairobi ni fedha isiyoweza kuvuka kwenda Rhamu. Mji wa Waislamu hautasikiliza asubuhi inayouza bahati nasibu na bia, na mwenye stesheni ya Kisomali anayejaribu kuiga mtindo huo atapoteza wasikilizaji kabla ya kupata wadhamini. Hapa ndipo ninapokosana na wanaodhani kwamba mtindo wa jijini, ukitafsiriwa tu, unaweza kupandwa popote.

Stesheni ya Kisomali ina walipaji wake. Wa kwanza ni wafanyabiashara: kampuni za hawala, yaani za kutuma fedha, mabasi na mashirika ya ndege ya kwenda kaskazini, wauza nguo na simu wa Eastleigh, mtaa wa Wasomali jijini Nairobi, shule na hospitali za binafsi. Ni fedha halisi, lakini upepo wa siasa huiyumbisha kwa urahisi. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015, lililoua watu 148, serikali ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma fedha. Zilirejeshewa leseni miezi michache baadaye, lakini duka lililofungiwa halinunui tangazo, na stesheni inayoitegemea sekta moja hufungwa pamoja nayo.

Mlipaji wa pili ni serikali. Kaunti ya Mandera hupokea zaidi ya shilingi bilioni 11 kwa mwaka katika mgao wa kaunti, na kila zabuni, chanjo na kikao cha bajeti huhitaji kutangazwa kwa wananchi. Tangazo la zabuni lililochapishwa kwa Kiingereza katika gazeti la Nairobi halimfikii mtu wa Rhamu hata kama sheria imetimizwa. Kwa serikali ya kitaifa hali ni ngumu zaidi: Machi 2024 iliagizwa kwamba matangazo yake yote ya redio na televisheni yapelekwe KBC, shirika la utangazaji la serikali, agizo lililoishia mahakamani. KBC ina Iftiin FM kwa ajili ya Kaskazini Mashariki, pamoja na Idhaa ya Mashariki inayotangaza Kisomali, Kiborana na lugha nyingine za ukanda huo. Agizo la namna hiyo likitekelezwa, stesheni ndogo ya binafsi hupokonywa mteja ambaye ingemtegemea kwa mwezi mzima.

Mlipaji wa tatu alikuwa mfadhili wa nje. Redio za jamii nchini zimeishi kwa vipindi vilivyolipiwa: lishe, chanjo, amani baina ya koo, tahadhari ya ukame. Rhamu inajua thamani ya vipindi vya amani. Mapigano ya koo za Wagare na Wadegodia ya miaka ya 2012 hadi 2014 yaliua watu na kuwahamisha wengi mjini na vijijini. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, kisha USAID, shirika lake la misaada, ikavunjwa. Kwa hiyo ndani ya miezi miwili hivi eneo hili lilipoteza sauti iliyokuwa ikileta habari na kuona ikikauka fedha iliyokuwa ikilipia sehemu ya vipindi vya nyumbani. Sijaona pigo jingine katika biashara ya redio nchini lililofika pande zote mbili kwa pamoja hivyo.

Sasa gharama. FM husafiri hadi macho yanapoishia, si zaidi sana. Star FM inatangaza kwa Kisomali kutoka Nairobi na inasikika Garissa, lakini kutoka Garissa hadi Rhamu ni mamia ya kilomita, na kila kipande cha njia kinahitaji mtambo wake. Rhamu haimo kwenye gridi ya taifa. Umeme wake hutoka kwenye kituo cha pekee kinachoendeshwa na Kenya Power. Mwenye mtambo hana budi kuwa na jenereta na sola yake, na dizeli hufika kwa lori. Juu ya hayo, milingoti ya simu imelipuliwa mara kadhaa katika Mandera, Wajir na Garissa na Al-Shabaab. Mlingoti wa redio unahitaji mlinzi, uzio na bima, kama kuna kampuni itakayokubali kuukatia. Mhasibu wa Nairobi akifika kwenye safu hiyo ya gharama hufunga faili.

Hata hivyo kuna jambo linaloweza kumfanya alifungue tena. Barabara ya Isiolo, Wajir hadi Mandera, inayojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, inapita El Wak na Rhamu, na mradi wake una nyaya za intaneti za kuzikwa kando ya njia. Leo stesheni hulipia setilaiti ili kupeleka sauti hadi kwenye mtambo wa mbali. Waya huo ukifika Rhamu, sauti ya studio ya Eastleigh au ya Garissa itafika kwa bei nafuu, na mtambo mdogo wa mji utatosha. Mwenye mipango ya muda mrefu angekuwa ameshaomba masafa.

Lugha nayo ni hesabu. Nairobi huzungumzia "soko la Kisomali" kana kwamba ni moja. Wagare wa magharibi mwa Mandera wana lugha yao, na wengi huzungumza Kiborana nyumbani na Kisomali sokoni. Stesheni inayotangaza lahaja ya Mogadishu pekee itaeleweka Rhamu, lakini haitapendwa kama ile itakayotoa japo saa moja kwa siku kwa lugha ya nyumbani.

Kikwazo kinachonikera kuliko vyote ni idadi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 867,457 Mandera, 841,353 Garissa na 781,263 Wajir, karibu milioni 2.5 kwa jumla. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Garissa ilibatilisha sehemu ya takwimu hizo na kuamuru hesabu irudiwe. Kampuni ya matangazo inayogawa bajeti hutazama sensa kwanza, kisha tafiti za usikilizaji zinazofanywa kwa simu na ujumbe mfupi, na penye mtandao unaokatika wasikilizaji huonekana wachache kuliko walivyo. Matokeo yake Rhamu hupangiwa sifuri, na sifuri hiyo hutumika mwaka unaofuata kama ushahidi kwamba hakuna soko.

Soko lipo. Mkulima wa vitunguu wa kandokando ya Daua anataka kujua bei ya Wajir na Garissa kabla ya kupakia lori. Mwenye ngamia anataka habari ya mnada, na wote wawili wanataka kujua kama mvua imenyesha nyanda za juu za Ethiopia, kwa kuwa maji ya huko ndiyo yanayozoa pampu za kandokando ya mto. BBC, inayotangaza kwa Kisomali tangu Julai 1957, haiwezi kulifanya hilo kwa mji mmoja mmoja, na wala si kazi yake.

Kwa hiyo ubashiri wangu ni huu. Stesheni za Kisomali za Nairobi zitahamia habari na mazungumzo, na zitapunguza muziki, kwa sababu saa zilizoachwa na Sauti ya Amerika ni hasa za jioni, wakati ambapo familia nzima husikiliza. Ya kwanza kuajiri mwandishi Rhamu, mwingine El Wak na mwingine Takaba, miji ya kaunti hiyo hiyo, ikauza dakika kumi za bei za mifugo na mazao kwa udhamini wa kampuni ya hawala au ya simu, itashika eneo hilo kwa miaka. Mishahara ya waandishi watatu ni kidogo mno mbele ya ujira wa mtangazaji mmoja mashuhuri wa asubuhi jijini. Nayo Mamlaka ya Mawasiliano, yenye mfuko wa kufikisha mawasiliano kwa maeneo yaliyoachwa nyuma, ingefanya vyema kulipia milingoti ya pamoja ambayo stesheni kadhaa zitapanga, badala ya kungoja kila moja ijenge wake mahali ambapo hata mmoja ni mzigo.