Pikipiki za Umeme za Mbio na Kobalti ya Katanga (Sehemu ya Pili)

Uzito wa betri ndio unaoamua pikipiki ya umeme ya mbio itafika wapi na kwa kasi gani. Mota, iliyoelezwa katika sehemu ya kwanza, haina tena cha kuionea wivu injini ya petroli. Ile ya Ducati V21L, pikipiki iliyokimbia mashindano ya dunia ya MotoE kuanzia 2023 hadi 2025, ina uzito wa kilo 21, huzunguka hadi mara 18,000 kwa dakika na hutoa kilowati 110. Betri yake ina kilo 110, karibu nusu ya uzito wa pikipiki nzima ambao ni kilo 225, na ndani yake mna kilowati-saa 18 tu. Lita 22 za petroli hazifiki kilo 17, na hata injini ikishapoteza sehemu kubwa ya nishati kwa joto, kinacholifikia gurudumu bado ni zaidi ya mara mbili ya kile kilichomo katika betri hiyo. Ndiyo maana mbio za MotoE kwa kawaida zilikwisha baada ya mizunguko saba au minane, wakati MotoGP ya petroli hufika mizunguko ishirini hivi au zaidi.

Penye safari fupi, mambo hugeuka. Juni 2013 Carlin Dunne, akiendesha pikipiki ya umeme ya kampuni ya Lightning, alipanda mlima Pikes Peak, Marekani, na kuzishinda pikipiki zote za petroli kwa zaidi ya sekunde 20. Njia ile ina urefu wa takriban kilomita 20 na huishia mita 4,302 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi na injini ya petroli hukosa pumzi. Mota haivuti hewa, kwa hiyo kileleni ilikuwa na nguvu zilezile ilizoanza nazo bondeni. Hata Likasi, mji wa Katanga nchini Kongo ulio kwenye mita 1,300 hivi, pikipiki ya petroli isiyo na turbo hupoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu zake kwa sababu hiyohiyo.

Swali basi ni namna ya kuweka nishati nyingi katika kilo chache, na hapo ndipo kobalti ya Katanga inapoingia. Seli ya lithiamu hufanya kazi kwa kuhamisha ayoni za lithiamu kutoka upande mmoja kwenda wa pili na kuzirudisha. Upande wa kathodi, ayoni hizo hukaa katikati ya tabaka nyembamba za oksidi za metali. Nikeli ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya chaji, lakini nikeli peke yake ni metali tundu: chembe zake huhama na kuziba nafasi za lithiamu, na seli ikipata moto sana hutoa oksijeni inayochochea kuungua. Kobalti huzishika tabaka zisivurugike na kurahisisha mwendo wa umeme. Sifa hiyo ya pili ndiyo anayoihitaji mwendeshaji wa mbio, ambaye anapotoka kwenye kona huidai betri nguvu nyingi kwa sekunde chache, kisha hurudia vilevile kwenye kona inayofuata. Betri ya kilowati-saa 18 yenye nikeli sehemu sita, manganizi mbili na kobalti mbili huhitaji kobalti kilo tatu na nusu hivi. Mchanganyiko wa nikeli nane, manganizi moja na kobalti moja huhitaji nusu ya hapo, lakini hutaka ulinzi mkali zaidi dhidi ya moto.

Zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika ukanda wa shaba unaopita Lubumbashi, Likasi, Fungurume na Kolwezi. Shinkolobwe, kilomita 20 hivi magharibi ya Likasi, ni sehemu ya ukanda huo. Ulimwengu unaijua kwa urani iliyogunduliwa hapo mwaka 1915, ambayo Edgar Sengier wa kampuni ya madini ya Union Minière aliisafirisha hadi New York mwaka 1940, zaidi ya tani elfu moja, na ambayo baadaye ilitumika katika mradi wa bomu la atomiki. Wanaoikumbuka kwa nikeli na kobalti ni wachache. Hata hivyo, katieriti, madini ya kobalti, ilitambulishwa kwa sayansi mwaka 1945 kutokana na mawe ya Shinkolobwe, pamoja na vaesiti ya nikeli kutoka Katanga hiyohiyo. Metali mbili zinazobishaniwa leo ndani ya kathodi zilikuwa zimelala pamoja katika ukanda mmoja.

Mgodi ulifungwa karibu na uhuru wa 1960. Miaka ya 1990 ilipokaribia mwisho, wachimbaji wadogo waliingia kutafuta heterojeniti, jiwe jeusi lenye kobalti linalopatikana karibu na uso wa ardhi na ambalo, likiwa laini, huacha weusi vidoleni. Walilichimba kwa sululu na sepetu, wakalijaza katika magunia na kuwauzia wanunuzi, bila vifaa vya kupimia mionzi. Januari 2004 Rais Joseph Kabila alitoa amri ya kuufunga mgodi huo tena. Julai mwaka huohuo shimo liliporomoka na kuua wachimbaji wasiopungua 8. Marufuku hiyo ilikuwa ya haki, na hakuna kasi ya pikipiki inayoweza kuhalalisha jiwe lililochanganyika na urani kubebwa mgongoni mwa binadamu.

Soko la pikipiki za umeme za mbio nalo limeyumba. Energica ya Modena, iliyotengeneza pikipiki za MotoE kabla ya Ducati, ilifilisika Oktoba 2024. Septemba 2025 wasimamizi wa MotoE walitangaza kuyasimamisha mashindano hayo msimu ukiisha, kwa kuwa mashabiki hawakutosha na soko halikukua kama ilivyotarajiwa. Wakati huohuo, betri za chuma na fosfeti, ambazo hazina kobalti kabisa, zimezidi kuenea kwa sababu ni nafuu na hudumu. Kwa bodaboda za umeme za Kigali au Nairobi, ambazo betri zake hubadilishwa vituoni, uzito wa ziada si tatizo kubwa. Kwa pikipiki ya mbio, kila kilo huhesabiwa inapoinamishwa kwenye kona. Septemba hiyohiyo Ducati ilionyesha V21L yenye seli za kampuni ya QuantumScape za elektrolaiti yabisi, zinazochajiwa kutoka asilimia 10 hadi 80 kwa dakika 12 hivi. Badiliko kubwa katika seli hizo liko upande wa pili, wa anodi. Kathodi inaweza kubaki ileile ya nikeli na kobalti.

Serikali ya Kongo ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje Februari 2025 baada ya bei kuanguka, kisha Oktoba ikaanzisha mgao: tani 96,600 kwa mwaka 2026. Mgao hupandisha bei, ila haujengi kiwanda. Sehemu kubwa ya kobalti hiyo husafishwa China. Utafiti wa taasisi ya BloombergNEF wa 2021 ulikadiria kuwa kiwanda cha tani 10,000 cha malighafi ya kathodi kingegharimu dola milioni 39 Kongo, takriban theluthi ya gharama yake Marekani. Aprili 2022 Kongo na Zambia zilitia saini makubaliano ya kuendeleza viwanda vya betri kwa pamoja. Likasi ina reli, ina mafundi, na ina mitambo ya Shituru iliyoanza kusafisha shaba mwaka 1929. Kiwanda hicho kijengwe hapo.