Daraja la Mkapa lilisimama, barabara ikakatika

Aprili 2024 Mto Rufiji ulifurika, ukameza mashamba na nyumba, lakini Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970, halikutetereka. Mei ikaja na Kimbunga Hidaya. Kilichoitenga Kusini mwa Tanzania siku zile ni kukatika kwa madaraja madogo na makalavati ya Somanga, wilayani Kilwa, mwendo wa kilomita kama 60 tu kutoka daraja hilo kubwa. Mabasi na malori yalikwama pande zote mbili. Mwenye haraka ya kufika Mtwara kutoka Dar es Salaam alilazimika kuzungukia Iringa, Songea na Tunduru.

Jambo hilo limenikaa rohoni. Waliowahi kusubiri kivuko cha Ndundu, cha kuvukia Mto Rufiji, wakati wa masika wanajua furaha ya mwaka 2003, daraja lilipofunguliwa na kupewa jina la Rais Benjamin Mkapa, mwana wa Kusini. Wengi tuliona shida imekwisha.

Mhandisi wa madaraja haoni hivyo. Hesabu zake huanzia kwenye maji. Daraja kubwa, atakueleza, hupimiwa gharika kubwa inayotarajiwa mara moja katika miaka mingi sana. Kalavati hupimiwa mvua ya kawaida zaidi, kwa kuwa fedha hazitoshi kila mahali. Mvua ikizidi kipimo, magogo na matope huziba mdomo wa kalavati. Tuta la barabara hugeuka bwawa. Maji hupanda, huvuka lami, kisha huanguka upande wa pili na kuchimba udongo kuanzia chini. Lami hubaki ikining'inia bila kitu chini yake, halafu huporomoka. Chini ya madaraja ni hivyohivyo: mkondo hula udongo unaoshika misingi, na zege zima kabisa huanguka kwa kukosa pa kusimama.

Je, mvua zilizotumika kupigia hesabu hizo wakati wa ujenzi ndizo zinazonyesha leo? Na nani huenda kukagua kijito kikiwa kikavu, wakati hakuna gari lililokwama?

Barabara ya Kusini ina nguvu sawa na kalavati lake dhaifu kuliko yote. Wenye dhamana wayazibue na kuyapanua makalavati hayo kiangazi, kabla mgonjwa anayekimbizwa Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, hajakwama tena Somanga.