Kupanga Umeme wa Vifaa vya Mtandao katika Mazingira ya Pwani: Mfano wa Tanga

Mkoa wa Tanga una vituo vya kufua umeme vya Hale na Pangani Mpya, vyote vikitumia maji ya Mto Pangani. Hata hivyo, ukaribu huo haumhakikishii mtumiaji umeme wa kudumu, kwa kuwa vituo hivyo hulisha Gridi ya Taifa. Gridi hiyo ilipopata hitilafu tarehe 1 Aprili 2024, sehemu kubwa ya nchi ilikosa umeme. Kwa hiyo, anayefunga vifaa vya mtandao hana budi kujibu maswali mawili: mzigo ni kiasi gani, na utahimiliwa kwa saa ngapi? Swali la pili ndilo husahaulika kwa urahisi.

Tuchukue mfano wa kabati la ofisi lenye seva ya wati 300, ruta ya wati 35, swichi itumiayo wati 60, na vifaa 12 vya kurushia Wi-Fi vinavyopata umeme kupitia nyaya za mtandao, kila kimoja kikitengewa wati 15.4. Jumla ni takriban wati 580, sawa na ampia 2.5 kwa volti 230. UPS ndogo ya VA 1000 inaweza kuubeba mzigo huo, lakini betri zake za ndani huishiwa baada ya dakika chache.

Kuhimili saa nne kunahitaji wati-saa 2,320. Iwapo kigeuzi kina ufanisi wa asilimia 85, mahitaji hufikia takriban wati-saa 2,730. Kwa kuwa betri za risasi hazipaswi kutumiwa zaidi ya nusu ya uwezo wake, kiasi hicho huwa maradufu: takriban wati-saa 5,460. Betri nne za volti 12 na ampia-saa 120 zinatosha.

Hesabu hiyo haikamiliki bila kuzingatia hali ya hewa. Umri wa betri hizo hupungua kwa takriban nusu kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25 za Selsiasi. Hivyo chumba kilichofungwa wakati wa joto la kaskazi huziua mapema. Hewa ya chumvi nayo hushambulia viungio, hasa vya waya wa ethi, ambavyo vinapaswa kukaguliwa mara kwa mara. Aidha, kabati litengewe njia yake ya umeme yenye breka yake, na kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA.